Nimealikwa Hamburg, Mfuko Hautoshi

Anti,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina kiduka cha vitenge Mbagala. Tuko marafiki wanne tuliolala bweni moja sekondari. Mmoja anaishi Hamburg, Ujerumani, mwingine Manchester, Uingereza, wa tatu kaajiriwa Nairobi, na mimi. Tangu tumalize shule hatujawahi kukutana wote. Mwaka huu tumekubaliana tukutane Hamburg kwa wiki moja mwezi Julai, maana mwenzetu wa huko ana nafasi ya kutulaza na kwao ndiyo wakati wa joto. Mwenyeji alinitumia hati ya udhamini, nikaipeleka ubalozini, viza nikapata. Tiketi nimekata kwa pesa ya mchezo niliyopokea.

Shida imeanzia kwenye grupu letu la WhatsApp. Wa Manchester ametoa ratiba: kukodi gari, kulala hotelini siku mbili kisiwa cha Sylt, siku moja kwenye bustani ya michezo huko Soltau, chakula cha jioni kwenye boti. Anasema tuchange sawa kwa sawa, euro 650 kila mtu, mbali na manunuzi. Wenzangu wakajibu kwa kidole gumba. Na mimi nikaandika "hakuna shida". Anti, shida ipo. Nikikusanya kila kitu nina euro 300.

Mume wangu anasema nichote kwenye mtaji wa duka, safari kama hii haiji mara mbili. Dada yangu anasema niseme naumwa, nisiende kuaibika ugenini. Mimi nafikiria kukopa kikoba. Nifanyeje? Sitaki wajue nimekwama, maana shuleni mimi ndiye niliyekuwa naongoza darasa.

Mama Vitenge, Mbagala

Mwanangu,

Barua yako yote nimeiona kwenye ile sentensi ya mwisho. Ya euro tutayamaliza, ni mambo ya kujumlisha na kutoa. Lakini mtu aliyekuwa akiwaelekeza wenzake hesabu wakati wa prepo, kuwaambia leo kwamba hesabu zimemshinda yeye, hilo ni zito. Nakuelewa. Sikubaliani nawe, ila nakuelewa.

Hebu turudi kwenye ile hati ya udhamini. Umeipitia juu juu, na mimi nataka tukae hapo kidogo, maana nadhani hujui mwenzako alifanya nini. Wajerumani wanaiita Verpflichtungserklärung, jina la kukata pumzi. Mwenyeji haiandiki nyumbani kwake akaituma. Anaweka miadi na ofisi inayoshughulikia wageni, anakwenda mwenyewe na hati zake za mshahara, analipa euro 29, na anasaini mbele ya ofisa kwamba gharama zako ukiwa nchini mwao ziko juu yake: chakula, malazi, matibabu ambayo bima haikuyalipa, hata nauli ya kukurudisha kama ungegoma kuondoka. Serikali ikitumia senti yake kwa ajili yako, itamdai yeye. Na kabla ya kumsainisha wanapekua kipato chake; asiyekuwa nacho cha kutosha harudi na hati hiyo nyumbani.

Kwa hiyo rafiki yako ameshakaa mbele ya mtu asiyemjua, akamwonyesha mshahara wake mstari kwa mstari, ili wewe upande ndege. Halafu wewe unamficha pochi!

Tena anajua. Hati ile hutakiwa pale ambapo kipato cha mgeni mwenyewe hakitoshi kuuridhisha ubalozi. Angekuwa anakuona milionea wa vitenge asingejisumbua kwenda kupanga foleni. Siri unayoilinda, mwenzako ameshaisaini.

Ongeza na hili. Sheria ya likizo ya Ujerumani inampa anayefanya kazi siku tano kwa wiki angalau siku 20 za mapumziko kwa mwaka. Wengi hupata zaidi, lakini hata hivyo likizo kule huhesabiwa siku moja moja, na kiangazi wafanyakazi huigombania. Yeye ameweka wiki nzima kwa ajili yenu. Ndiyo maana ushauri wa dada yako siutaki hata kuujadili. Ukijifanya mgonjwa utapoteza tiketi, utapoteza wiki ambayo mmeingoja tangu mmalize shule, na miaka yote ijayo utaulizwa "ule ugonjwa uliponaje?"

Mumeo ana nia njema na ninampongeza. Wapo waume ambao wangeficha pasipoti. Ila mtaji usiuguse. Wateja wako wa Mbagala watakuja Agosti kama kawaida, wakute rafu tupu, waende duka la jirani, na kuwarudisha si kazi ndogo. Kikoba nacho hapana. Mkopo wa kikoba ni wa kununulia mzigo unaozaa. Hoteli ya Sylt haizai, na wenzako wa kikoba wataziona picha kabla hujarudi.

Sasa huyu wa Manchester. Usimchukie. Anapanga akiwa na pauni mkononi na hamu moyoni, na kwenye grupu hakuna aliyemzuia. Nina wasiwasi hata wa Nairobi alibonyeza kidole gumba akiwa anauma kucha. Lakini ratiba yenyewe, mwanangu, si nzuri kama inavyometameta. Kisiwa cha Sylt hakina barabara ya kukiunganisha na bara ya Ujerumani. Kuna tuta la reli tu lililojengwa kupita baharini, lilifunguliwa mwaka 1927. Ukienda na gari la kukodi kwa njia hiyo inabidi gari lenyewe nalo lipandishwe kwenye treni, na unalipia. Treni ya kawaida ya abiria kutoka Hamburg hufika kisiwani kwa muda wa saa tatu hivi, ukawahi asubuhi na kurudi jioni, maana Julai kule jua linazama kama saa nne kasorobo usiku. Hoteli ya nini? Na ile bahari mnayoikimbilia, hata katikati ya kiangazi, mtu wa Kigamboni ataingiza vidole vya miguu, apige kelele, arudi mchangani kuvaa sweta.

Muulize mwenyeji kuhusu tiketi yao ya mwezi inayoitwa Deutschlandticket. Ilianza mwaka 2023 kwa euro 49 na imekuwa ikipanda, kwa hiyo akuangalizie bei ya sasa. Unapandia mabasi, treni za mjini, na treni zote za kawaida nchi nzima, ya Sylt ikiwemo. Zile za mwendo kasi hazimo. Angalizo: huuzwa kwa mtindo wa kujiunga, na usipojitoa kabla ya tarehe kumi ya mwezi husika wanakukata na ya mwezi unaofuata. Mwambie akununulie yeye, umrudishie pesa mkononi, na akutoe mapema.

Na Hamburg yenyewe kwa mwenye mguu mzuri haina haja ya euro 650. Boti namba 62 inayotoka Landungsbrücken ni usafiri wa umma, tiketi ni ileile ya basi. Inapita mbele ya makreni na meli za makontena, na mkishuka Neumühlen kuna ufukwe wa mchanga kando ya mto Elbe ambako watu wa mji hujilaza kutwa nzima. Hiyo ndiyo boti yenu, na chakula mbebe kwenye kapu. Chini ya mto huohuo kuna handaki la kutembea kwa miguu la mwaka 1911, hamtoi hata senti. Jumapili amkeni alfajiri mwende Fischmarkt, soko lililoanza mwaka 1703: kiangazi hufunguliwa saa kumi na moja alfajiri na saa tatu na nusu asubuhi limekwisha. Wauzaji wanapiga kelele na kurushia watu utani, utadhani uko Feri, ila wote ni Wajerumani. Jioni nendeni bustani ya Planten un Blomen. Saa nne usiku maji hurushwa juu ziwani kwa taa za rangi na muziki, bure kabisa. Beba koti la mvua, maana Julai ya Hamburg inaweza kunyesha siku nzima na mkaishia sebuleni mkisimuliana habari za matroni wa bweni. Mimi naona siku hiyo ndiyo itakayowapa raha kuliko zote.

Kitu kimoja kinanipa hofu, na hukukiuliza. Kwenye kundi la marafiki, mwenye pesa kidogo mara nyingi hujilipisha kwa mikono. Anaamka kwanza, anapika, anaosha, anapiga pasi, na kufika Jumatano wenzake wameshamzoea hivyo. Usikubali, na zaidi, usijiteue. Mgeni siku ya tatu apewe jembe, sawa, lakini hapo wageni mko watatu. Pika pilau siku moja, ya kuramba vidole, halafu keti na wengine.

Zawadi peleka. Vitenge unavyo, kila mmoja doti yake aliyochaguliwa na mtu anayemjua. Hakuna duka la Manchester litakaloshindana nawe hapo. Vyakula kuwa mwangalifu, forodha za Umoja wa Ulaya hazina mzaha: nyama na maziwa ya kutoka kwetu hayaingii, samli ikiwemo. Matunda mabichi yanadai cheti cha afya ya mimea, isipokuwa nanasi, nazi, ndizi, tende na durian. Kwa hiyo nazi ya pilau yako ipo, maembe yaache Mbagala. Dagaa wakavu wanapita, samaki wana kikomo cha kilo 20, ingawa sijui nani atakaa karibu na sanduku lako kwenye ndege.

Na wanaokuagiza simu na viatu, waambie mfuko umefungwa.

Haya, ujumbe. Usianzie kwenye grupu. Zungumza na mwenyeji peke yake, kwa sauti, usimwandikie. Sauti haifichi kitu na haikai ikasomwa na wengine. Kama maneno yanakuwia magumu, sema hivi: "Rafiki yangu, niliandika hakuna shida, nikakosea. Nina euro 300 kwa wiki nzima na siwezi kuzidisha. Nataka sana kuja. Ile hati uliyonisainia siichukulii kama ruhusa ya kukubebesha mzigo. Tupange wiki ambayo mia tatu zangu zinatosha, na wakitaka kwenda kulala Sylt, waende, mimi nitabaki Hamburg na sitanuna." Halafu nyamaza, umwache ajibu.

Ile ya kutonuna uimaanishe. Wakienda kweli, usiwatumie ujumbe kila baada ya nusu saa. Na kama mwenyeji akisema "mimi nitakuongezea", mkubalie kwa kiasi anachokitaja mwenyewe, mara moja, bila kuapa kwamba utarudisha, isipokuwa kama kweli utarudisha. Kwenye grupu mwache yeye aseme "jamani, ratiba hii ni ghali, tuipunguze". Mji ni wake, atasikilizwa.

Sidhani kama atakukasirikia. Akikasirika, bado tiketi unayo, viza unayo, na wa Nairobi atakushukuru pembeni.

Mpigie leo, usingoje kesho. Kiangazi Hamburg wako nyuma yetu kwa saa moja tu: ukifunga duka saa mbili usiku, kwake ni saa moja, ameshatoka kazini na simu yake iko wazi.