Unauza mashine ya boti iliyotumika? Fungua gia boksi kabla hujapiga picha

Somo la leo ni la wale wanaouza mashine za boti zilizotumika, hasa hizi Yamaha za HP 15 na HP 40 ambazo huku kwetu, kuanzia Mikindani, Msanga Mkuu, Msimbati mpaka maingilio ya Ruvuma, zinapita mkono kwa mkono. Unapiga picha, unatupia status, unaandika "mashine kali, haina shida". Mteja anakuja inbox na swali moja tu: gia boksi haivuji?

Ukijibu "haivuji kaka" bila kufungua hata skrubu moja, umeuza kitu usichokijua. Na huyo mteja hapeleki mashine sebuleni. Anaifunga kwenye boti, anapakia watu au nyavu, anaelekea pale mdomoni ambapo maji ya mto yanakutana na mawimbi ya kusi, na mafungu ya mchanga kila upande. Gia zikisagika pale, mashine inaunguruma tu, propela haisukumi, na boti inakwenda inakotaka maji. Kwa hiyo somo ni refu kidogo, vumilia.

Gia boksi ni lile umbo la chini kabisa, linalokaa majini, propela ikiwa nyuma yake. Ndani mna gia tatu: moja inazungushwa na shafti inayoshuka toka kichwani, mbili ni za mbele na nyuma. Zote zinaogelea kwenye oili. Nje ni maji ya chumvi. Kinachotenganisha hivyo viwili ni sili za mpira na washa ndogo ndogo, basi. Wengi wanaogopa oili inayotoka. Mimi naogopa zaidi maji yanayoingia, maana beringi ikishakula kutu haiponi kwa kubadilisha oili.

Kujua hali yake ni dakika kumi. Iache mashine imesimama wima usiku kucha. Asubuhi legeza skrubu ya chini ya gia boksi taratibu, chombo kikiwa chini yake. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama yapo yatatangulia kutoka. Halafu fungua skrubu ya juu, oili imwagike yote, uitazame kwenye mwanga. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia na yameshachanganyika. Nyeusi yenye harufu ya kuungua, haijabadilishwa siku nyingi. Pitisha sumaku: ukiona uji wa kijivu laini, huo ni uchakavu wa kawaida, ukiona vipande, jino la gia limekatika, na hapo mazungumzo ya bei yanabadilika kabisa.

Jambo moja linalowagombanisha wauzaji na wateja: matone meusi kwenye propela baada ya kuwasha. Mashine nyingi za kuchanganya oili na petroli zinatolea moshi katikati ya propela, kwa hiyo yale matone mara nyingi ni oili ya petroli isiyoungua, sio ya gia. Oili ya gia ni nzito na ina harufu kali kama ya kiberiti. Mwelekeze mteja wako hivyo, usianze kubishana naye.

Sasa, inavujia wapi? Anza na rahisi. Zile skrubu mbili kila moja ina washa yake, na watu wanazirudishia zile zile miaka na miaka. Washa mpya mbili ni hela ndogo sana ukilinganisha na mashine. Mtuhumiwa wa pili ni sili za shafti ya propela, na kwa maji yetu haya ndiye ninayemshuku kwanza. Mshipi wa nailoni au kipande cha jarife kikijisokota nyuma ya propela, kinajipenyeza mpaka kwenye sili na kuichana. Mchanga wa mafunguni unamalizia. Vua propela, toa washa zake, utazame kwa macho yako. Wa tatu ni sili ya shafti ya juu, iliyojificha chini ya pampu ya maji. Pia pale unapopita ufito wa kubadilishia gia.

Usikisie. Kipime kwa upepo. Chukua skrubu ya zamani, fundi aitoboe na kuifunga valvu ya baiskeli. Gia boksi ikiwa haina oili, iweke kwenye tundu la juu, ziba la chini, jaza upepo kama paundi 10 kwa pampu yenye geji. Usipitilize 15, utasukuma sili nzima itoke na utajitengenezea kazi nyingine. Paka maji ya sabuni kila mahali, zungusha shafti kwa mkono, subiri dakika tano. Mapovu yatakuonyesha. Sindano ya geji ikikaa palepale, gia boksi haina tundu.

Kubadilisha sili za propela ni kazi ya fundi mwenye subira. Kile kifuniko kinachoshika beringi hugandamana na chumvi, na hapo ndipo nyundo inapasua aluminiamu. Mwambie atumie dawa ya kulegeza kutu na moto kidogo, aache siku ipite kama ni lazima. Kabla sili za zamani hazijatolewa, piga picha zinavyotazama, maana kwa kawaida ziko mbili na zikikaa kinyume hazizuii kitu. Na pitisha ukucha kwenye shafti pale sili inapogusa. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, sili mpya itavuja tena baada ya muda mfupi, hata ukinunua ile ya bei juu. Shafti hiyo ibadilishwe. Sili mpya ipakwe grisi mdomoni, igongwe kwa kipande cha bomba kinachoenea upana wake, iingie sawasawa. Kama umefungua mpaka pampu ya maji, weka na impela mpya humo humo. Hutaki kurudi huko mwezi ujao.

Pima upepo tena kabla ya kutia oili. Oili ni ile ya gia namba 90, inayotajwa kwenye kitabu cha mashine. Ile ya kuchanganya na petroli haihusiki hapa. Inaingizwa kutoka tundu la chini, ikipanda mpaka itokee juu bila mapovu. Funga la juu kwanza, ndipo utoe mrija na kufunga la chini. Ukijaza kwa juu, hewa inabaki ndani na utadhani imejaa.

Kuna ujanja unaofanywa na baadhi ya wauzaji: wanashindilia grisi ndani ya gia boksi. Kweli siku ya kuuza haidondoshi hata tone. Lakini grisi ikishasukumwa pembeni na gia hairudi, beringi zinazunguka kavu, na mnunuzi anakuja kujua yuko katikati ya maji. Huo ni wizi, na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kilingane na maelezo kilichouziwa.

Kama ndani kumeoza, kutu imekula pale sili inapokaa au jino limevunjika, usilazimishe. Tangaza "inauzwa kwa spea". Kichwa, kabureta, tangi na propela vina wateja wake, na mara nyingine vikijumlishwa vinakaribia bei ya mashine mbovu iliyorembwa.

Lakini ikiwa imepona, tangazo lako sasa lina cha kusema. Mfano: "Yamaha HP 15. Sili za propela na impela mpya. Oili ya gia imebadilishwa wiki hii. Imepimwa upepo paundi 10, dakika tano haikushuka, video ipo. Kasoro: rangi imechubuka, kamba ya kuwashia ina fundo." Weka na picha ya oili ya zamani kwenye chupa nyeupe. Taja kasoro bila kuulizwa. Mteja wa Kilwa au Dar ambaye hajawahi kukuona hapo ndipo anapotuma hela ya awali. Ukikaa na stakabadhi za spea, bei yako itakuwa na mguu wa kusimamia anapoanza kukuvuta chini.

Oili uliyomwaga usiimwage mikokoni wala ufukweni. Iweke kwenye dumu, peleka gereji. Maeneo haya mengi yako ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma tangu 2000, na kamba wanaokuletea wateja wanakulia humo humo kwenye mikoko.

Ukisafirisha kwa basi, maliza petroli yote kwanza, halafu weka boksi safi chini ya gia boksi usiku mmoja kabla ya kufunga mzigo. Likiwa kavu asubuhi, lipige picha, mtumie mteja pamoja na namba ya basi.