Jibu kwa baba wa Morogoro mwenye TV ya chogo

Ndugu yangu wa Morogoro,

Barua yako nimeisoma na kuirudia. Una miaka 38, mke, watoto wawili na kazi inayoeleweka, na kwa muda sasa umekuwa ukitafuta mashine za gemu za kaseti kama ile uliyochezea ukiwa darasa la tatu. Umepata tatu, inayowaka ni moja. Juzi ukaongeza TV ya chogo, mama watoto akanuna na kusema umerudi utotoni. Halafu kijana wa ofisini kwenu akakuonyesha kwenye simu kwamba mashine yako ya utotoni haikuwa ya Nintendo hata kidogo, ilikuwa ya kuiga, na akacheka mbele za watu. Unauliza kama umerudi utotoni, na kama miaka yote hiyo ulikuwa unapenda kitu feki. Mwishoni kabisa, kwa mstari mmoja, unauliza umkubalie yule mtu anayetaka kuzinunua zote.

Naanza na hilo la feki, maana naona ndilo lililokuchoma.

Kijana hakusema uongo. Nintendo waliitoa mashine yao ya Famicom huko Japani Julai 1983, kazi iliyosimamiwa na mhandisi Masayuki Uemura. Mashine zilizokuja kujaa kwenye maduka yetu miaka ya 90 zilitoka kwenye viwanda vya Taiwan na China vilivyonakili kazi hiyo bila ruhusa. Ukiifungua mojawapo ya zile mbili zilizokufa, huenda ukakuta katikati ya bodi tone jeusi la gundi ngumu, na chini yake chipu moja inayofanya kazi ambayo kwenye mashine halisi iligawanywa kwa chipu kadhaa. Na unakumbuka zile kaseti zilizoandikwa kwamba zina michezo 9,999,999? Ukishuka kwenye orodha unakuta ni michezo michache inajirudia kwa majina mengine. Huo ulikuwa ulaghai, na mtoto aliyetumia hela yake ya sikukuu kuinunua alidhulumiwa.

Lakini tazama mchezo wenyewe uliokuwa ndani. Super Mario Bros. ya mwaka 1985, kazi ya Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka na wenzao, ilienea kwenye kilobaiti 40 tu. Picha moja unayomtumia shemeji yako kwa simu inaishinda mara nyingi. Kwa nafasi ndogo kiasi hicho walilazimika kubana kila kitu. Leo jioni uiwashe, utazame wingu pale juu, halafu utazame kichaka pale chini: umbo ni lile lile, wamebadilisha rangi tu. Mimi nilipolijua hilo nilibaki nimeduwaa, kwa sababu hakuna mtoto niliyewahi kumwona akilishtukia. Na waliotoa nakala za wizi, mara nyingi walichonakili ni kazi ile ile, kichaka kwa kichaka. Ulichokipenda ukiwa na miaka tisa kilitengenezwa na mafundi wakubwa, na mtoto mwenzako wa Osaka alikuwa anakiona hicho hicho. Kilichokuwa feki ni boksi na nembo.

Tena hauko peke yako. Urusi mashine iliyotamba ilikuwa Dendy, iliyoanza kuuzwa na kampuni ya Steepler mwaka 1992 ikiwa na nembo ya tembo. Nayo ilikuwa nakala. Watu wazima wa kule wanaitaja Dendy kwa jina lake, kwa upendo, wala hawajitetei kwa mtu.

Sasa hili la kurudi utotoni. Hapo sikubaliani na mkeo, na naomba umsomee sehemu hii. Nintendo waliacha kuitengeneza Famicom mwaka 2003, na mwaka 2007 wakaacha hata kuzipokea kwa matengenezo kwa sababu vipuri vimekwisha. Mwenye mali akishanawa mikono, kitu kinabaki kwa wanaokipenda. Mwaka 2023 taasisi ya Marekani inayoitwa Video Game History Foundation ilitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka nchini humo kabla ya mwaka 2010 haziuzwi tena kwa njia ya kawaida. Zingine zipo kwa sababu mtu mzima mmoja, mahali fulani, alikataa kutupa kaseti. Ufundi unaokaa usiku kuutafuta kwa bisibisi na taa ya simu ni ufundi wa mtu mzima. Mtoto huchoka upesi, akaomba kingine.

Hata TV ya chogo ina sababu yake, na mkeo akielezwa vizuri ataelewa kwamba hukumtungia kisingizio. Kwenye Duck Hunt, ule mchezo wa kulenga bata kwa bunduki ya gemu, ukivuta kifyatulio skrini inakuwa nyeusi kwa kufumba na kufumbua, kisha pale alipo bata panawaka kisanduku cheupe. Ndani ya mtutu kuna kihisi cha mwanga. Kikikiona kile cheupe kwa wakati wake, bata ameanguka. TV ya chogo inachora picha papo hapo. TV za flati huichelewesha kidogo kabla ya kuionyesha, na mwanga wake wenyewe hauchoreki kwa namna ambayo bunduki ile ilitengenezwa kuitambua. Kwa hiyo ungelenga hadi asubuhi bila kupata bata hata mmoja.

Ila, ndugu yangu, kuna mstari kwenye barua yako umeupitia mbio, na mimi nimesimama hapo. TV uliinunua mwezi wa ada, na hukumwambia. Ukaileta nyumbani usiku, ukaiweka sebuleni palipokuwa na kabati la vyombo la mama watoto. Halafu unashangaa amenuna! Mkeo hajagombana na Mario. Amekuta hela imetoka bila yeye kujua na kabati lake limesogezwa ukumbini, na neno lililomjia mdomoni ni utoto. Usimjibu kuhusu utoto. Muombe radhi kuhusu hela, rudisha kabati mahali pake leo, na hiyo TV itafutie pembe ya chumba cha watoto au stoo. Mkubaliane kiasi cha kutumia kwa mwezi, hata kiwe kidogo, na ukae ndani yake.

Umeniandikia pia kwamba binti yako wa miaka saba anakaa pembeni akitazama na hujawahi kumpa pad. Mpe. Anza naye kwenye Contra ya watu wawili, na umfundishe zile roho thelathini zinazopatikana kwa kubonyeza juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A. Kanuni hiyo aliitunga Kazuhisa Hashimoto wa Konami akiwa anaandaa toleo la Famicom la mchezo wa Gradius, lililotoka mwaka 1986, kwa sababu mchezo ulikuwa unamshinda mwenyewe kuumaliza. Kwenye kaseti nyingine za kunakili haikubali, basi mtakufa wote kwenye stage ya kwanza na kuanza upya.

Na msipulize kaseti. Najua sote tulipuliza, na iliwaka. Iliwaka kwa sababu uliichomoa na kuichomeka tena, pini zikashikana vizuri. Mvuke wa pumzi unaleta kutu kwenye shaba. Chukua pamba, spiriti safi kidogo, futa meno ya kaseti, acha ikauke. Adapta nayo iangaliwe na fundi, volti na upande wa chanya, kabla hujachomeka kwenye ile pekee inayowaka.

Kuhusu yule mnunuzi: inayowaka usimuuzie. Katika zile mbili zilizokufa, moja ibaki kwa ajili ya vipuri, hasa mipira ya ndani ya pad maana ndiyo huisha mapema. Nyingine muuzie pamoja na zile kaseti zinazojirudia, umwambie wazi kwamba mashine ni nakala na haiwaki, na hela utakayopata mkabidhi mama watoto ijazie pale palipopunguka kwenye ada.