Mkate na Kiti cha Ufalme: Kuanguka kwa Kaisari wa Urusi, 1917

Watu wengi husema kuwa njaa ndiyo iliyomwangusha Kaisari wa Urusi. Neno hili lina ukweli ndani yake, lakini halitoshi, wala haimpasi mwenye kusoma taarikh kulipokea neno kwa kuwa tu limekaririwa na wengi. Lau njaa peke yake ingalikuwa yatosha kuwaangusha wafalme, hangalibaki hata mmoja wao. Yatupasa tuulize: ilikuwa njaa ya namna gani, nayo ilimkuta mfalme yuko wapi?

Vita vilipozuka mwaka 1914, Urusi ilikuwa miongoni mwa nchi zilizouza nafaka nyingi kabisa ulimwenguni. Mwaka huo huo Uturuki ikaufunga mlango wa bahari wa Dardanelles, na ngano iliyokuwa ikipelekwa nje ikabaki nchini. Basi ajabu ni hii: nchi ambayo ngano yake haina pa kwenda, yawaje watu wa mji wake mkuu wakose mkate?

Jawabu ni kuwa ngano ilikuwako, ila haikufika mjini. Wanaume wapatao milioni 15 walitwaliwa jeshini katika miaka ya vita hivyo, na farasi wa kulimia wakatwaliwa pamoja nao. Viwanda viliacha kutengeneza majembe, misumari na nguo, vikashika mizinga na risasi. Mkulima akauza ngano yake, akalipwa noti, akaenda dukani na noti zake asipate cha kununua. Mara ya pili hakuuza tena. Aliiweka ghalani, akawalisha wanyama wake, akangoja bei ipande. Na hiyo kidogo iliyouzwa ilihitaji gari la moshi, na magari ya moshi yalikuwa yameshughulishwa na jeshi.

Noti zenyewe zilikuwa zikichapishwa kwa wingi kwa sababu hazina ilikuwa tupu. Mwanzo wa vita Kaisari alipiga marufuku vodka, kileo ambacho serikali yenyewe ndiyo iliyokuwa ikikiuza na kupata kwacho takriban robo ya mapato yake. Sisi si watu wa kuulilia ulevi. Lakini kuifunga robo ya mapato siku ile ile ya kuanza vita, bila ya kutafuta badali yake, ni kazi ya mtu asiyepiga hesabu. Bei zikapanda mwaka baada ya mwaka, na ujira wa wengi usiweze kuzifuata.

Hadi hapa mambo yalikuwa mazito, lakini kiti kilikuwa bado kimesimama. Mwaka 1915 majeshi ya Urusi yalirudi nyuma mbali sana, na Warsaw ikatekwa. Ndipo Kaisari Nicholas wa Pili alipomwondoa amiri wa jeshi, akaushika uamiri kwa mkono wake mwenyewe, akahamia makao ya jeshi Mogilev, mbali na mji mkuu. Mawaziri wake walimsihi asifanye hivyo, naye hakusikia. Kwa maoni yetu hapa ndipo alipojifunga. Zamani jeshi likishindwa hulaumiwa amiri, na unga ukikosekana hulaumiwa waziri. Tangu siku hiyo kila lawama ilikuwa na anwani moja. Na huku nyuma mawaziri walibadilishwa mmoja baada ya mwingine, na watu wakinong'ona juu ya Malkia, aliyezaliwa Ujerumani, na juu ya Rasputin, mtu aliyemsikiliza mno.

Mwaka 1916 dhiki iliwafikia Waislamu wa Turkestan, ambao kabla ya hapo hawakuwa wakiandikwa jeshini. Ilitoka amri kuwa wanaume wao watwaliwe wakafanye kazi nyuma ya majeshi. Waliinuka, wakapigwa kwa ukali mkubwa, wengi wakauawa na wengine wakakimbilia China. Watu wa Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa sana maana ya amri kama hiyo: vita hivyo hivyo viliwachukua wapagazi wetu, na Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zimebaki na jina lao.

Kisha ukaja mwanzo wa mwaka 1917, na baridi kali iliyozidi kuyakwamisha magari ya moshi. Katika Petrograd wanawake walisimama foleni saa nyingi gizani, juu ya theluji, ili waambiwe kuwa mkate umekwisha. Tarehe 8 Machi wanawake wa viwanda vya nguo waliacha kazi, wakatoka njiani wakitaka mkate. (Kalenda ya Warusi ilikuwa nyuma kwa siku 13, ndiyo maana mapinduzi haya yaitwa ya Februari.) Baada ya siku mbili mji mzima ulikuwa umegoma. Kaisari, naye yuko Mogilev, alipeleka simu kuamuru kuwa ghasia zikomeshwe kesho yake. Walioomba mkate wakajibiwa kwa risasi.

Jumapili, tarehe 11, askari walipiga, na watu wakafa. Lakini msomaji na atazame askari hao walikuwa nani. Wengi walikuwa wakulima na wafanya kazi walioandikwa juzi, mama na dada zao wakiwa katika foleni kama zile zile. Kikosi kimoja cha Volynsky kilichopiga watu Jumapili kilikesha usiku kikizungumza. Asubuhi ya Jumatatu kilikataa, kikamwua kapiteni wake, kikaenda kuvishawishi vikosi vingine. Kabla ya usiku makumi ya maelfu ya askari walikuwa upande wa watu.

Tarehe 15 Machi, ndani ya behewa la gari la moshi huko Pskov, Kaisari alijiuzulu baada ya majemadari wake wenyewe kumshauri hivyo. Alimwachia kiti nduguye Mikhail, naye kesho yake akakataa kukipokea. Ukoo wa Romanov ulikuwa umetawala tangu mwaka 1613.

Serikali iliyofuata iliahidi mambo mengi, lakini iliendelea na vita. Foleni za mkate zilibaki pale pale, na mwezi wa Novemba serikali hiyo nayo ikaondolewa.