Vito vya kifalme pichani: maswali yanayoulizwa sana

Sebuleni mwa nyumba moja hapa Saint Louis Park, Minnesota, mjukuu alinyoosha kidole kwenye picha ya Bibi Salme iliyotundikwa ukutani, akauliza: "Bibi, ile dhahabu ni ya kweli?" Swali lake linazaa mengine.

Alipopigwa picha, Salme alikuwa bado binti wa mfalme?

Kwa damu, ndiyo. Kwa maisha, alikwisha kuyaacha ya jumbani. Alizaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844, binti wa Sayyid Said, sultani wa Oman na Unguja. Mwaka 1866 aliondoka kwa manowari ya Kiingereza. 1867 alibatizwa na kuolewa Aden na Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara Mjerumani. Picha ilipigwa Hamburg, mwishoni mwa miaka ya 1860. Itazame kwa karibu: suruali ya marinda, mikufu kifuani, uso wazi. Unguja, mwanamke wa hadhi yake hakutoka bila barakoa, na hapa anamkabili mpigapicha mgeni. Kila niionapo, namwona mtu aliyevaa kwao akiwa ugenini.

Mbona dhahabu haing'ai?

Kemikali za picha za enzi hizo zilinasa mwanga wa buluu, na karibu hazikuona manjano wala nyekundu. Kwa hiyo dhahabu hufifia, yakuti nyekundu hutoka nyeusi, na yakuti samawi huonekana nyeupe. Usikisie kito kwa rangi ya picha kuukuu.

Na masultani walijipamba?

Sana. Tazama kiunoni mwao pichani: jambia lenye ala ya fedha, limefungwa kwa deuli. Fedha nyingi ya sonara wa Oman na Unguja ilitoka kwenye sarafu za reale za Maria Theresa zilizoyeyushwa.

Je, kito kilichochorwa ni ushahidi wa mmiliki?

Hapana. Picha za Malkia Mary wa Kwanza wa Uingereza zina lulu kubwa kifuani, na kwa muda mrefu watu waliiita La Peregrina. Lakini Mary alikufa 1558, na La Peregrina ilifika kwa mfalme wa Hispania miaka ipatayo ishirini baadaye. La Peregrina yenyewe ilikuja kununuliwa na mwigizaji Richard Burton mwaka 1969, akampa mkewe, mwigizaji Elizabeth Taylor. Mwaka 2011 mkufu wenye lulu hiyo uliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 11.

Nina picha ya nyanya yangu. Nianzie wapi?

Anza na majina. Mpigie simu shangazi leo, umwulize kila pambo linaitwaje: hiki ni kekee au timbi, kile cha mguuni ni mtali au furungu? Andika nyuma ya picha kwa penseli laini, maana wino hupenya. Kisha, siku ya mapumziko, wapeleke watoto Minneapolis Institute of Art. Ni mwendo mfupi kwa gari na kiingilio ni bure. Wasimame mbele ya picha za kale, waanze na masikio, washuke shingoni, wamalizie mikononi.