Tumbo Lisilopona, Ng'ombe Anayekonda: Mgonjwa wa Thika na Ruiru Aulize Nini?

Mkazi wa Thika au Ruiru mara nyingi anajua maziwa ya chai yake yametoka wapi. Yameletwa na boda kwa mitungi ya aluminiamu, au ameyachota kwenye ATM ya maziwa mtaani, au ng'ombe ni wake mwenyewe, yuko bandani kule Gatuanyaga akila nepia. Kwa hiyo mgonjwa wa utumbo akisikia kwamba kuna bakteria wa ng'ombe wanaoshukiwa kuleta ugonjwa kama wake, hofu humwingia upesi. Ana haki ya kujibiwa kwa ukweli, na ukweli wenyewe ni huu: uhusiano huo haujathibitishwa, na pia haujafutwa.

Ugonjwa wa ng'ombe unaitwa Johne, kwa jina la mtafiti Mjerumani aliyeueleza mwaka 1895. Huletwa na bakteria waitwao MAP, jamaa wa karibu wa bakteria wa kifua kikuu. Wa binadamu unaitwa Crohn, kwa jina la daktari wa New York ambaye yeye na wenzake waliuandika mwaka 1932. Kabla yao, mwaka 1913, daktari mpasuaji wa Glasgow, Thomas Kennedy Dalziel, aliona kwamba utumbo wa wagonjwa wake ulifanana sana na wa ng'ombe wenye Johne. Mwaka 1984 watafiti wa Marekani waliotesha MAP kutoka kwa wagonjwa wa Crohn, na wengine baada yao wakawapata pia. Lakini bakteria kuonekana kwa mgonjwa hakutoshi kusema ndio waliomwuguza. Huenda utumbo uliokwisha kuumia ndio uliowapa nafasi. Huko Australia wagonjwa 213 walishiriki jaribio la miaka 2 la antibiotiki zinazopambana na MAP. Matokeo yalitolewa mwaka 2007: nafuu ya mwanzo haikudumu.

Mjadala huu haukubaki maabara kwa sababu wagonjwa walikataa unyamaze. Marekani, wagonjwa na jamaa zao waliungana wakadai utafiti na ukaguzi wa mifugo. Mwaka 2003 Baraza la Taifa la Utafiti la nchi hiyo lilisema ushahidi haujatosha kuthibitisha kwamba MAP ndio chanzo cha Crohn, ila likahimiza Johne idhibitiwe kwenye mifugo. Naona huo ni msimamo wa busara, nasi tunaweza kuufuata.

Tuanze na wewe mgonjwa. Ukiharisha kwa wiki nyingi, tumbo likisokota, uzito ukipungua, damu ikionekana chooni au vidonda vikitokea kando ya njia ya haja kubwa, usikubali kutibiwa taifodi au amiba mara ya tatu bila uchunguzi wa kina. Andika kwenye daftari tarehe, mara ulizokwenda choo, uzito wako na kila dawa uliyomeza. Hospitalini, iwe Thika Level 5 au kwingine, uliza: je, nahitaji kupimwa utumbo kwa kamera na kuchukuliwa vipande vidogo vya kupeleka maabara? Kipimo hicho kisipofanyika hapo, omba rufaa. Uliza pia SHA, bima ya afya ya umma, italipia nini kabla hujatoa pesa mfukoni mwako. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inakupa haki ya kuelezwa hali yako, njia za matibabu, hatari zake na gharama. Mkataba wa haki za wagonjwa wa mwaka 2013 unakuruhusu kutafuta maoni ya daktari wa pili.

Jambo moja nalisisitiza kuliko yote. Kifua kikuu cha utumbo na Crohn hufanana mno, hata chini ya darubini, na nchini Kenya kifua kikuu kingali kingi. Baadhi ya dawa za Crohn hupunguza kinga ya mwili na zinaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala. Kwa hiyo kabla ya kuanza dawa hizo, muulize daktari waziwazi: "Umehakikisha sina TB?" Usinunue antibiotiki kwenye duka la dawa ukajitibu MAP mwenyewe, na usiache dawa ulizoandikiwa kwa sababu ya habari uliyosikia. Ikiwa unavuta sigara, acha: sigara huzidisha Crohn, na hilo halina ubishi.

Maziwa yachemshe mpaka yapande, hata kama yametoka kwenye ATM. MAP ni wagumu kidogo na baadhi yao wamewahi kupatikana hai katika maziwa ya dukani Uingereza na Marekani, lakini kuchemsha kabisa jikoni ni kinga nzuri. Hata ukiweka MAP kando, brusela na kifua kikuu cha ng'ombe hupitia maziwa mabichi, na hayo yamethibitishwa zamani. Mala ichachushwe kwa maziwa yaliyokwisha kuchemshwa, kwa maana uchachu peke yake hauui kila kitu.

Mfugaji naye ana dalili za kutazama. Ng'ombe mkubwa anakula vizuri lakini anakonda, anaharisha bila kukoma hata akipewa dawa, maziwa yanapungua, na baadaye chini ya taya panavimba. Hakuna tiba. Mara nyingi aliambukizwa akiwa ndama, kwa kinyesi, dang'a au maziwa, na miaka ikapita kabla hajaonyesha chochote. Mwite daktari wa mifugo achukue sampuli, watenge ndama na samadi ya wakubwa, na usimpeleke mnyama huyo sokoni, maana utamhamishia jirani ugonjwa. Usidhani uko mbali nasi: watafiti wa Makerere wameuandika kwa ng'ombe wa Uganda.

Mgonjwa asimlaumu mchuuzi wa maziwa, wala mfugaji asimwone mgonjwa kama adui wa biashara yake. Huku kwetu mara nyingi ni mtu yule yule, au ni shemeji yake. Huduma za mifugo na hospitali nyingi ziko chini ya kaunti, basi suala hili lina mlango mmoja wa kubisha. Chini ya Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, unaweza kuiandikia Kaunti ya Kiambu uulize kama ng'ombe hupimwa Johne, wapi na kwa gharama gani. Ofisi inapaswa kukujibu ndani ya siku 21. Katiba, kifungu cha 37, inakuruhusu kupeleka ombi la maandishi kwa mamlaka ya umma, na bunge la kaunti ni mojawapo. Ombi liwe fupi: ng'ombe wanaoharisha wapimwe, mfugaji anayetoa mnyama mgonjwa asiachwe na hasara peke yake, na wagonjwa wa utumbo wapate uchunguzi wa kamera karibu na nyumbani. Kabla ya kulipeleka, zungumza na chama chako cha ushirika cha maziwa na mwombe mwenyekiti atie sahihi pamoja nawe.