Mtu Anapotumia Jina Lako Kuchukua Pesa za Wateja

Ndugu wakimbizi wa Nakivale, somo hili ni la wenye biashara ndogo: mafundi cherehani, wasusi, watengeneza simu, wauza makaa. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inakupa haki ya kufanya biashara. Basi biashara hiyo unaijenga kwa jina lako. Cherehani ikiibwa, unaona pengo mezani. Jina likiibwa, wewe ndiye wa mwisho kujua.

Tuchukue mfano. Wewe ni mama fundi wa Base Camp, unajulikana kwa nguo za harusi. Kijana anazunguka Rubondo na Juru akisema, "Mama fundi amenituma kupima." Anapima kweli, anaandika katika daftari, anachukua kitenge na pesa ya kuanzia. Wiki mbili baadaye mama mmoja anafika kwako na hasira: "Nguo zangu ziko wapi?" Humjui, wala kitenge chake hukukiona.

Usimfukuze. Ameibiwa kama wewe, na yeye ndiye aliyeiona sura ya mwizi. Mkaribishe akae. Muulize ilikuwa siku gani, nani wengine walipimwa, pesa ilitolewa mkononi au kwa simu, na kwa namba ipi. Andika yote mbele yake, halafu mwende pamoja kwa mwenyekiti wa RWC wa kijiji, kisha polisi. Kujifanya mtu mwingine kwa nia ya kulaghai ni kosa katika sheria ya jinai ya Uganda, hata kama pesa iliyochukuliwa ni shilingi 5,000. Mkifika wawili, aliyepoteza mali na aliyetajwa jina, itakuwa vigumu kuambiwa mrudi nyumbani mkapatane.

Wako wanaolipa kimya kimya ili kulinda jina. Sisi hatushauri hivyo. Ukilipa bila kueleza, majirani watasema kijana yule alikuwa wako kweli, na kesho watakuja wengine watano. Ukitaka kumsaidia mama huyo, mshonee kwa bei nafuu, lakini mbele ya mwenyekiti, na iandikwe kwamba ni msaada, si deni.

Na kijana akikamatwa, asipigwe. Huenda siye, na aliyepiga ndiye atakayelala polisi.

Sasa, kinga. Muhuri hausaidii sana, kwa maana wachonga mihuri mjini hawaulizi jina ni la nani. Afadhali uwe na desturi moja usiyoibadili, na wateja wote waijue. Kwa mfano: "Pesa napokea mezani kwangu tu, na kila anayelipa anapata karatasi yenye namba, nakala inabaki kwenye daftari langu." Itangaze kanisani, msikitini, sokoni na kwenye mabomba ya maji. Atakayeomba pesa mlangoni kwa mtu atajulikana hapo hapo.

Kama unapokea pesa kwa simu, angalia laini yako. Mteja anapotuma, simu humwonyesha jina la mwenye laini kabla hajathibitisha kwa namba ya siri. Hiyo ni kinga nzuri na haina gharama. Lakini wengi walinunua laini zamani kwa jina la jirani Mganda. Mteja wako amezoea kuona jina geni, kwa hiyo hashtuki akionyeshwa jina la mwizi. Mwaka 2019 Tume ya Mawasiliano ya Uganda iliruhusu mkimbizi kusajili laini kwa kitambulisho chake cha mkimbizi au kwa atestesheni. Pata laini yenye jina lako, kisha waambie wateja walisome kabla ya kutuma.

Mara nyingi mdanganyifu ni mtu aliyewahi kukaa nawe, kwa sababu anajua bei zako na majina ya wateja. Mwanafunzi wako akiondoka, watangazie watu kwa heshima kwamba sasa anajitegemea. Akisema "nilijifunza kwa mama fundi", ana haki, na ni sifa kwako. Akisema "amenituma", anadanganya. Mweleze tofauti hiyo siku anapoaga, mbele ya shahidi.

Ikiwa jina lako limekwisha kutumiwa, usingoje mteja wa pili. Nenda mwenyewe Rubondo na Juru, watu waione sura yako, na uwaambie meza yako iko wapi.