Manjano, Magoti ya Bibi na Somo Nililolilipia kwa Boom

Boom la kwanza la mwaka jana lilipoingia, kila mtu chumbani kwetu alikuwa na mpango wake. Mmoja alinunua simu, mwingine alimaliza deni la mama ntilie. Mimi nilinunua kopo la manjano. Elfu thelathini na tano, kwa mchuuzi mwenye kipaza sauti pale stendi. Karatasi iliyobandikwa kwenye kopo ilisema: huondoa maumivu ya viungo, hurudisha ujana, humaliza presha na sukari.

Nilimnunulia bibi yangu mzaa mama. Ana miaka 71, anaishi Muheza, na magoti yamemsumbua kwa miaka mingi. Kuinama shambani ni shida, kuinuka kwenye mkeka baada ya kuswali ni shida zaidi. Kopo nikalituma kwa basi, jioni nikapiga simu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Mzigo nimeupata. Hii ndiyo dawa mnayosomea huko?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Nasoma famasia, mwaka wa tatu. Ningeweza kusema, bibi, hicho ni kiungo tu, jaribu uone. Lakini sifa ni tamu. Nikasema, "Ndiyo bibi, hiyo hiyo. Kijiko asubuhi, kijiko jioni."

Wiki tatu baadaye akapiga mwenyewe: goti limelegea, kaenda sokoni na kurudi kwa miguu. Nikatamba chumba kizima. Likizo ilipofika nikaenda Muheza, nikamkuta analalamika kichwa. Zahanati wakampima presha: 190 kwa 110. Nesi akamwuliza kama anameza vidonge vyake. Bibi akanigeukia mimi.

"Si uliniambia hii ndiyo dawa mnayosomea? Na kopo limeandikwa presha."

Vidonge vyake vya amlodipini vilikuwa kabatini tangu siku kopo lilipofika. Alirudishiwa dozi, na namshukuru Mungu hakupata kiharusi. Mimi nilirudi chuoni na aibu yangu, nikaingia maktaba kusoma nilichopaswa kukisoma kabla ya kufungua mdomo. Haya ndiyo niliyoyapata. Nayaandika kwa sababu najua si mimi peke yangu ambaye nyumbani wanamwita "daktari" kabla hajahitimu.

Manjano ni nini hasa

Mmea wenyewe kitaalamu ni Curcuma longa, wa ukoo mmoja na tangawizi na iliki. Tunachosaga ni tunguu lake, lile linalokaa ardhini. Zanzibar wanaita bizari ya manjano, na hata rangi ya manjano imepata jina kutokana na kiungo hiki.

Rangi hiyo inatoka hasa kwenye kemikali iitwayo kurkumini. Wanakemia waliitenga kwa mara ya kwanza mwaka 1815, na umbo la molekuli yake likafahamika mwaka 1910. Karibu kila sifa ya kitabibu unayoisikia kuhusu manjano inahusu kurkumini. Sasa shika kalamu tupige hesabu. Unga mkavu wa manjano una kurkumini kama asilimia 3 tu. Kijiko cha chai cha unga ni gramu 3 hivi, kwa hiyo ndani yake kuna miligramu 90 za kurkumini. Vidonge vingi vya kurkumini hubeba miligramu 500 kila kimoja. Ili upate kiasi cha kidonge kimoja kwa unga wa jikoni, unahitaji kati ya vijiko vitano na sita. Hakuna mchuzi utakaolika hapo.

Kwa hiyo mtu akikwambia "utafiti umethibitisha manjano", mwulize kwanza: manjano yapi? Ya kwenye sufuria, au kiini kilichochujwa kiwandani?

Tatizo la kuingia mwilini

Kurkumini haiyeyuki vizuri kwenye maji, inapenda mafuta. Ukiimeza, sehemu kubwa inapita tumboni na kutoka ilivyo. Ile kidogo inayofyonzwa, ini linaibadilisha haraka na kuitoa nje. Ndiyo maana kitu kinachofanya maajabu kwenye chombo cha maabara kinaweza kisifanye chochote ndani ya mtu.

Mwaka 1998 watafiti wa Bangalore, India, waliwapa watu gramu 2 za kurkumini pamoja na miligramu 20 za piperini, kemikali inayoleta ukali wa pilipili manga. Kiasi kilichofika kwenye damu kilipanda mara 20 hivi. Basi mama zetu wanaoyakaanga manjano kwenye mafuta na kutupia pilipili manga hawakosei. Ila tahadhari: piperini inafanya kazi hiyo kwa kuuzuia mwili usivunje kemikali haraka, na kemikali hizo ni pamoja na baadhi ya dawa za hospitali. Kwa mzee anayemeza vidonge kila siku, kapsuli zenye piperini nyingi zinaweza kupandisha kiwango cha dawa kwenye damu kupita kilichokusudiwa.

Tuje kwenye goti

Maumivu ya magoti ya wazee wengi yanatokana na kile mtaani tunachoita kusagika. Gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, inalika. Mifupa inabanana, kiungo kinavimba, asubuhi kinakaza. Maabara inaonyesha kurkumini inapunguza baadhi ya ishara ambazo seli hutumiana kuanzisha uvimbe. Swali ni kama mgonjwa mwenyewe anapata nafuu.

Jibu la haki ni kwamba kuna dalili nzuri. Mwaka 2014 Thailand walichapisha jaribio la wagonjwa 367 wa magoti. Kundi moja lilipewa miligramu 1500 za kiini cha manjano kwa siku, jingine miligramu 1200 za ibuprofeni, kwa wiki nne. Nafuu ya maumivu ilikaribiana, na wa manjano walilalamika tumbo mara chache zaidi. Mwaka 2020, Tasmania huko Australia, wagonjwa 70 waligawanywa: nusu walipata kapsuli za manjano, nusu kapsuli zisizo na dawa. Baada ya wiki 12, wa manjano walikuwa na maumivu kidogo zaidi kuliko wenzao.

Lakini soma mpaka mwisho. Watafiti wa Tasmania walipiga pia picha za MRI, na ndani ya goti hawakuona tofauti: maji ya uvimbe hayakupungua na gegedu haikubadilika. Nafuu ya maumivu ni kitu kikubwa kwa mtu anayeumwa, siidharau. Ila haimaanishi goti limejijenga upya, na majaribio yenyewe ni madogo na ya muda mfupi.

Na uzee je?

Hapa ndipo matangazo yanapopaa. Ni kweli kurkumini imeongeza maisha ya minyoo midogo ya maabara na ya nzi wa matunda. Lakini mpango mkubwa wa Marekani unaopima dawa za kurefusha maisha kwa panya uliijaribu na kutoa matokeo mwaka 2013: panya hawakuishi zaidi. Kama panya hakuongezewa umri, mchuuzi wa stendi anamwahidi nini bibi yangu?

Kwenye kumbukumbu, mambo ni mseto. Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kilichapisha mwaka 2018 jaribio la watu 40 kwa miezi 18, na waliopata kurkumini iliyotengenezwa ifyonzwe vizuri walifanya vyema kwenye vipimo vya kumbukumbu. Australia, mwaka 2016, watu 96 walifuatiliwa kwa mwaka mzima bila faida ya kueleweka. Kwa ushahidi wa namna hiyo huwezi kumwambia mtu kwamba ujana unarudi.

Mbona bibi alipata nafuu?

Swali hili lilinisumbua sana. Huenda manjano yalimsaidia kidogo. Lakini maumivu ya goti hupanda na kushuka yenyewe, na watu hutafuta dawa yanapokuwa yamepanda kabisa. Ni kama kununua mwavuli siku mvua imepamba moto. Kesho yake mvua ikipungua, huwezi kusema ni mwavuli ulioipunguza. Ongeza na hili: dawa ilitoka kwa mjukuu msomi, ikasafiri kutoka Dar kwa basi, na mjukuu mwenyewe akapiga simu. Upendo nao unatuliza maumivu. Kwa sababu hiyo jaribio zuri linahitaji kundi la pili linalomeza kapsuli tupu bila kujua.

Kabla hujatuma kopo nyumbani

Manjano ya kwenye chakula hayana neno kwa watu wengi. Kiini cha vidonge ni habari nyingine. Italia mwaka 2019 na Australia mwaka 2023, mamlaka zilitoa tahadhari baada ya baadhi ya watumiaji wa virutubisho vya manjano kuumia ini. Anayetumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda asiguse vidonge hivyo bila kumwuliza daktari, maana hatari ya kuvuja damu inaweza kuongezeka. Mwenye mawe kwenye nyongo naye aulize kwanza.

Halafu kuna uchakachuaji. Bangladesh, baadhi ya wasindikaji walikuwa wakiyang'arisha manjano kwa kromati ya risasi, sumu inayodhuru ubongo wa watoto. Mwaka 2019 karibu nusu ya sampuli za sokoni zilikutwa na madini hayo. Serikali ikabana, na kufikia 2021 haikukutwa hata moja. Kopo langu halikuwa na nembo ya TBS, halikuwa na jina la mtengenezaji wala tarehe. Nililitupa chooni, elfu thelathini na tano zangu nikaziaga.

Siku hizi mtu akinisifia dawa ya asili au ya kisasa, nina maswali manne: Ni kitu gani hasa? Kiasi gani? Kwa nani, na anameza nini kingine? Na anakitumia badala ya nini? Swali la nne ndilo lililokaribia kuniondolea bibi. Manjano hayakumdhuru. Kilichomdhuru ni kidonge alichoacha.

Kuhusu magoti, kuna kitu chenye ushahidi imara kuliko kopo lolote: mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, na kupunguza uzito kwa aliyezidi. Wapimaji wa mwendo waligundua kwamba kila kilo moja unayopunguza inaliondolea goti mzigo wa kama kilo nne katika kila hatua. Nilimwonyesha bibi zoezi la kukaa kwenye kiti na kunyoosha mguu mmoja mmoja, kuhesabu hadi kumi, kushusha. Asubuhi na jioni, wakati uleule wa kidonge, ili kimoja kikumbushe kingine.

Manjano bado anatumia, ya shamba la jirani, kwenye mchuzi wa samaki. Juzi nilipiga simu kabla ya UE kuanza.

"Bibi, umemeza vidonge?"

"Nimemeza mume wangu. Na mguu nimenyoosha. Wewe je, umesoma?"

Nimesoma, bibi. Safari hii nimesoma.